Kobe Kwa Mama Mkwe

Gari langu la stima liliingia Nakuru likiwa limebebwa na lori. Nililinunua Nairobi, Nissan Leaf ya 2014, mkono wa tatu, na kutoka huko hadi hapa kwetu Section 58 ni kama kilomita 160. Gari lenyewe likijaa pomoni husoma 110. Hesabu hiyo hata mtoto wa PP1 anaiweza. Basi nikalipia lori, gari likapandishwa, likaja limesimama huko juu kama ng'ombe wa mnada. Majirani wakatoka kutazama. Mmoja akanipa pole.

"Limekufia wapi?"

"Halijafa. Ndio nimelinunua."

Akanionea huruma zaidi.

Nilijitakia. Ile 2023 petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita, niliapa kwamba sitaingia tena kituoni ila kwa kuuliza njia. Na stima yetu sehemu kubwa ni mvuke wa Olkaria, hapo Naivasha, ndani ya kaunti yetu wenyewe. Nikajiambia, ya nini kuchoma mafuta yaliyopanda meli kutoka Uarabuni, na mvuke uko hapa nyumbani unafoka bure? Bure! Neno hilo mita ya tokeni haijawahi kulisikia.

Kwenye dashibodi kuna vijistari 12 vya afya ya betri. Betri ikiwa mpya huwaka vyote. Vyangu viliwaka 9. Nikamuuliza muuzaji vile vingine 3 vimeenda wapi. "Hivyo huendaga tu," akasema, kama mtu anayezungumzia nywele. Baadaye ndipo nikajua kwamba betri ya Leaf haina maji ya kuipoza, inategemea upepo wa Mungu, na joto huitafuna mwaka baada ya mwaka. Na vijistari vikienda, ni kama hizo nywele.

Fundi ambaye nimekuwa naye kwa miaka 11 nilimpelekea alione. Akafungua boneti, akakutana na nyaya nene za rangi ya chungwa. Nikamwambia humo kuna volti zaidi ya 300. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Oili ya injini tunamwaga lini?"

"Haina injini."

"Plagi?"

"Haina."

"Klachi? Mkanda? Ekzosi?"

Haina, haina, haina. Akakalia tairi kuukuu, akapangusa mikono ambayo hata haikuwa imechafuka. "Mzee," akaniambia, "kwani mimi nimekukosea nini?"

Lakini Mungu si Athumani. Wiki ya tatu gari liligoma kuwaka asubuhi, na betri kubwa ilikuwa imejaa tele. Kumbe lina kabetri kengine kadogo, volti 12, kama ka gari lingine lolote, na kakizimika, hiyo kubwa haiamki. Ni kama tajiri asiyeweza kula kwa sababu mpishi amelala. Fundi alikuja mbio na waya zake, akaliamsha, akanitoza 500, akaondoka amepandisha mabega. Tangu siku hiyo tunasalimiana tena.

Kuchaji nachajia kwenye soketi ya jikoni, waya umepitishwa dirishani, usiku, kwa muda wa saa saba au nane hadi lijae. Tokeni ni shilingi 400 na kitu. Hapo sina neno, petroli ingenimaliza. Ninalolalamikia ni Molo.

Mama Kevo alitaka twende tumsalimie mama yake. Molo kwa njia ya Njoro ni kilomita 50 hivi, nami nilikuwa na 110. Nikaona ya kwenda ipo, ya kurudi ipo, na ya kwenda kununua sukari ipo. Nilichosahau ni kwamba njia hiyo inapanda kutoka mlango wa nyumba yangu hadi mlango wa mama mkwe. Tulipofika Njoro, kilomita 18 tu, namba ilikuwa imeshuka kwa 40. Mwezi ulikuwa wa saba, baridi inauma, Mama Kevo akawasha hita. Zikaruka nyingine 8. Nikaizima. Akaiwasha. Nikamwomba ajifunike leso. Kuanzia hapo hatukuongea hadi Elburgon.

Baada ya Elburgon pakatokea picha ya kobe kwenye dashibodi. Sitanii, Wajapani walikaa kikao wakakubaliana kwamba gari likiishiwa nguvu limwonyeshe mwenyewe kobe. Kanyaga utakavyo, linatembea mwendo wa harusi. Boda boda zikatupita, zimebeba viazi. Kisha tukapitwa na punda, na mkokoteni wake una mitungi ya maziwa. Kevo akampungia mkono.

Tulifika saa kumi na mbili jioni. Na kwetu mkwe halali chini ya paa la mama mkwe. Chai atakunywa, kuku atakula, giza likiingia ashike njia. Ila kobe hana njia ya kushika. Soketi ya nje ilikuwa moja tu, kwenye banda la kuku, na jirani yake ilikuwa taa ya kuwapasha joto vifaranga 40. Nikachomeka. Nikaaga kwa heshima, nikaenda kulala ndani ya gari, mila yangu imetimia.

Mama alikuwa na uniti 12 kwenye mita. Alikuwa amezipigia hesabu hadi Jumatano. Gari lilizimaliza saa sita usiku.

Giza likaingia bandani, baridi ya Molo ikafuata, vifaranga wakaanza kulia. Kununua tokeni kwa simu ningeweza, lakini namba ya mita ilikuwa imebandikwa sebuleni, mahali ambapo mkwe hakanyagi usiku. Nikampigia Mama Kevo. Simu imezimwa, bado ilikuwa ni ile habari ya leso.

Ningefanya nini? Niliwatia vifaranga wote kwenye katoni, nikaiweka kiti cha mbele, nikawasha hita. Gari lilikuwa limeshajilimbikizia kilomita 75. Nikawasha, nikazima, nikawasha tena, huku naangalia namba ikiporomoka. Kufikia alfajiri zilibaki 47. Nilikuwa na muda wa kupiga hesabu: kila kifaranga alikula mita 700. Zaidi ya hayo, niliyoachiwa kwenye kiti siwezi kuyapimia kwa mita.

Asubuhi Mama alitoka, akaona mita, akaona katoni, akanitazama. "Baba Kevo," akasema kwa upole ule unaokata, "si ungekuja na matatu?"

Nilimnunulia tokeni za shilingi 1,000, nikawarudisha wanawe bandani, tukaondoka na 47. Mteremko kutwa. Ukiachia mguu, gari linajichaji lenyewe kwa kujizuia, na namba inapanda huku unatembea. Tulimaliza kilomita zote 50 tukaingia Section 58 na 41. Hesabu hiyo mtoto wa PP1 haiwezi, wala mimi.

Nilikuwa sijazima gari vizuri Mama akapiga simu. Amehesabu. Ni 39.

Tukanyamaza. Chini ya kiti cha Mama Kevo, kitu kikalia.

Kevo amekataa katakata arudishwe. Kuna baridi, kwa hivyo amewekewa boksi na taa jikoni, kwenye soketi ya dirishani. Gari liko nje, na 41 zake.