Kiraka cha lazima na kiraka cha hiari

Wapo wanaoamini kwamba mtu aliyelelewa katika familia ya kipato kidogo hahitaji somo la kutunza mazingira, kwa kuwa maisha yalikwisha kumfundisha. Alivaa nguo za kaka yake, akazima taa kila alipotoka chumbani, akafua nguo na maji yaleyale yakaja kudekia sakafu. Nusu ya hoja hii naikubali bila kusita. Nusu ya pili inanipa shida.

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05, na asilimia 60 yake ilitoka majumbani. Upotevu mkubwa kiasi hicho huamuliwa mbele ya sufuria, na watu wa kawaida. Aliyekulia katika nyumba ambamo kiporo cha usiku ndicho kilikuwa kifungua kinywa, hupika akijua watakaokula ni wangapi, na hujua kwa kunusa tu kama chakula cha jana bado kinalika. Jicho na pua za namna hiyo hazipatikani kwa kusoma bango. Vivyo hivyo mtoto aliyemwona mzazi akifungua redio iliyokufa na kuifufua: kwake kitu kikiharibika, bisibisi huja kwanza, pipa la taka baadaye. Mwaka huohuo dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mikono inayojua kutengeneza inahitajika sana.

Lakini mwenye mfuko mwembamba hununua kinachowezekana leo. Hununua jokofu lililochoka linalokula umeme mwingi kuliko jipya, na viatu hafifu vinavyokatika kabla mwaka haujaisha. Mwenye akiba hununua jozi moja ikadumu. Asiye nayo hununua tatu, na zote tatu huishia jalalani. Halafu kuna moshi. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao bilioni mbili bado wanapikia kuni, mkaa, mafuta ya taa na nishati nyingine chafu, na kwamba hewa chafu ya majumbani ilihusishwa na vifo zaidi ya milioni tatu mwaka 2020. Kuyasifu maisha hayo kuwa rafiki wa mazingira kwa sababu tu wanaoyaishi wanatumia vichache ni kuwakosea heshima wanaokohoa jikoni.

Tena kuna siku ya pesa kupatikana. Methali inasema maskini akipata, matako hulia mbwata, na watu hucheka. Mimi sioni cha kucheka. Anayenunua kupita kiasi baada ya utoto wa kunyimwa mara nyingi anafunika aibu, na husema wazi kwamba mwanawe hatapitia aliyopitia yeye. Hapo ndipo naona kiini cha suala lote. Uchache wa kipato haujengi tabia peke yake. Inategemea mzazi aliuzungumziaje. Katika nyumba moja kiraka hushonwa mchana, rangi ikichaguliwa, mtoto akielezwa kwa nini kitambaa bado kina maisha. Katika nyingine hushonwa kwa kujificha, na mtoto huonywa asiwageuzie wageni mgongo. Wote wawili watakua wakijua kushona. Yule wa pili ataiweka sindano chini siku ya mshahara wa kwanza.

Mtu anaweza kunipinga kwamba nawabebesha wazazi wa kipato kidogo mzigo usio wao. Pingamizi hilo ni la haki. Oxfam, shirika la kimataifa linalopambana na umaskini, ilikokotoa kwamba kati ya mwaka 1990 na 2015, asilimia 10 ya watu matajiri zaidi duniani walisababisha zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa iliyotokana na matumizi ya binadamu. Hakuna kiraka kinachoweza kufidia hilo, na kuwaambia wasio nacho wabane zaidi ni dhuluma. Ila baadhi ya watoto hao watapanda ngazi, na matumizi yao yatakuwa na uzito ambao ya wazazi wao hayakuwahi kuwa nao. Siku mmoja wao atakaposhika simu yenye kioo kilichopasuka, na pesa ya simu mpya ipo mfukoni, ataikumbuka ile redio na ile bisibisi. Atakachofanya kitategemea kama anaikumbuka kwa fahari au kwa aibu.