Risasi ya Jansen na ubishi wa wajuzi wa silaha

Katika Le Cercle rouge, filamu ya Jean-Pierre Melville ya mwaka 1970, mtu anayetegemewa na wezi ni polisi wa zamani. Anaitwa Jansen, na Yves Montand ndiye aliyemwigiza: mlenga shabaha aliyemalizwa na pombe hadi anaota wadudu na wanyama wakimpandia kitandani. Wenzake wanamtaka kwa risasi moja tu. Ndani ya duka la vito la Place Vendôme, Paris, apige kitundu cha ufunguo ukutani, king'ora kizimike. Risasi yenyewe anaiyeyusha na kuisubu kwa mkono wake, kwa madini laini yatakayoingia ndani ya kufuli.

Hapo wajuzi wa silaha hucheka. Risasi iende kwa kasi ile, igonge chuma, kisha ifanye kazi ya ufunguo? Wana hoja. Melville alitumia muda mrefu kutuonyesha maandalizi, na wizi wenyewe unakwenda kwa takriban dakika 25 bila mtu kusema neno. Anayejidai fundi kiasi hicho amejitakia mwenyewe kukaguliwa kama fundi.

Ila tazama mkono wa Jansen. Bunduki ameifunga kwenye stendi ya miguu mitatu, ameshalenga, kila kitu tayari. Ghafla anaifungua, anaiinua begani, anapiga bila egemeo lolote. Kwa wizi, huo ni upuuzi mtupu. Kwa mlevi aliyekuwa akitetemeka juzi, ndiyo sababu ya kuja. Baadaye anakataa hata mgawo wake wa mali. Ningempa Melville kufuli la uongo mara kumi ili nipate tukio hilo.

Msamaha huo lakini siwezi kuugawa kwa kila filamu. Olivier Marchal alikuwa polisi kabla ya kushika kamera, na filamu yake 36 Quai des Orfèvres (2004) ilichota katika mambo yaliyotokea kweli miaka ya themanini, enzi za genge la majambazi wa benki waliojificha kwa nywele na ndevu za bandia. Januari 1986 polisi walijaribu kulinasa katika mtaa wa Docteur-Blanche, operesheni ikaharibika, akafa askari mmoja na jambazi mmoja.

Katika filamu genge limegeuzwa kuwa la wavamizi wa magari ya fedha, lenye silaha nzito. Mtego umekwishategwa. Klein (Gérard Depardieu), mkuu mmoja wa polisi, amelewa, anawaendea majambazi waziwazi na silaha mkononi, na askari mwenzao anauawa. Uzito wa tukio hilo unasimama juu ya hesabu ya silaha: nani anazidiwa nguvu, nani amejikinga, nani ameachwa wazi. Ukikosea hesabu hiyo, Klein si msaliti tena, ni mlevi mwenye bahati mbaya.

Watetezi wa Melville watasema Marchal naye anaabudu silaha. Ni kweli kiasi. Mwaka 2008 aliipa filamu nzima jina la rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka), MR 73, ile ya kampuni ya Manurhin ya risasi sita iliyopata sifa mikononi mwa vikosi maalumu vya Ufaransa. Kuna mahali mapenzi hayo yananichosha. Lakini rivolva hiyo ina umri wake. Miaka ya 2000 polisi wa Ufaransa walianza kupewa bastola ya SIG Sauer SP 2022, na askari anayeendelea kung'ang'ania rivolva anatueleza, bila kufungua mdomo, kwamba ni mtu wa zama zilizopita. Kwa mwongozaji anayesema "hivi ndivyo tulivyoishi", mtazamaji anayelalamika kuwa silaha si ya miaka ile ana haki ya kusikilizwa, hata kama analalamika kwa kelele mno.