Msiwafukuze wavuvi kwenye matumbawe

Juzi kwenye kikao fulani cha mambo ya ziwa hapa Kisumu jamaa mmoja alisimama akasema eti kule pwani matumbawe yataisha kama wavuvi hawatatolewa baharini, na sisi huku tufuate hivyo hivyo. Watu wakapiga makofi! Mpaka saa hii nimekasirika.

Mimi ni mtu wa ziwa, matumbawe sina, lakini kuambiwa usiingie majini nakujua. Kila mwaka uvuvi wa omena, hawa dagaa wetu, ukifungwa Aprili mpaka Julai, shuka kwenye fuo zetu uwaulize kina mama wanaokausha omena watoto wanakula nini. Hakuna anayekataa samaki wazae. Lakini unamfungia mtu kazi miezi minne, humpi kitu cha kushika, halafu unashangaa mitumbwi ikiingia usiku.

Sasa angalieni Kuruwitu, Kilifi. Pale wavuvi wenyewe waliona samaki wamepungua, wakakubaliana kutenga kipande cha bahari kama hekta 30 hivi, wakakiita tengefu, ndani hakuna kuvua. Haikuwa rahisi, wengine walipinga, na mimi nawaelewa kabisa kwa sababu ule ulikuwa uwanja wao wa kazi. Lakini samaki walirudi. Na samaki kama pono na tafi ndio wanakula mwani unaofunika matumbawe, ukiwamaliza hao mwani unachukua mwamba wote, matumbawe machanga hayapati pa kushika. Wakijaa ndani wanavuka mpaka, na huko nje mvuvi anawangoja na malema yake. Mlinzi ni mtu wa hapo hapo, anajua mashua ya nani ni ipi, na akinyamaza ni chakula cha nyumba yake kinaenda. Mwaka 2017 walipewa tuzo ya Equator ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, wavuvi hao hao ambao jamaa yetu anataka wafukuzwe.

Chumbe kule Zanzibar, waliokuwa wavuvi ndio walifunzwa kulinda mwamba. Kisiwa cha Wasini, pwani ya Kenya, kina mama wana njia yao ya mbao juu ya bustani ya matumbawe ya zamani, mgeni analipa, pesa inasaidia karo.

Sawa, juya, ule wavu wa kukokota, liondoke, hilo sibishi, linaburuta chini na kuvunja kila kitu. Na nakubali tengefu haizuii maji kuchemka, joto la 1998 liliua matumbawe mengi sana pwani yetu. Lakini joto hilo si mvuvi wa mtumbwi alilileta, mbona adhabu iwe yake peke yake?

Kabla hicho kikao hakijaandika sheria yoyote, wapeleke viongozi wa BMU zetu, vile vikundi vya kusimamia fuo, mpaka Kuruwitu wakae na wavuvi wenzao, waulize ile miaka ya kwanza watu walikula nini. Wakirudi watuambie wazi, mbele ya kina mama wa omena, Aprili ikifika nani anawalipa na pesa inatoka wapi.