Mshenga Hakupakwa Mafuta, Ilikuwa Presha ya Oili

Najua mmeshaiona ile klipu ya mshenga wetu akirukiwa na oili ndani ya gari langu. Chogo kaisambaza kwenye magrupu yote ya Mbeya, hadi la kwaya, na maneno yake juu: "Mshenga kapakwa mafuta Isongole, upako umeshuka." Shangazi yangu wa Kyela kanipigia usiku kuuliza nimeanza lini huduma. Sasa naomba na mimi nisikilizwe, maana Chogo alikuwa siti ya nyuma, na siti ya nyuma haioni geji ya presha ya oili.

Gari langu mnalijua, ile Subaru Forester ya turbo yenye injini ya EJ205 ambayo majirani wa Soweto wanaijua kwa mlio kabla hawajaiona. Tatizo lilianza na kale kataa kekundu ka dashibodi kenye picha ya birika, kale ka kuonya presha ya oili. Nikishuka mlima nikasimama Mafiati, injini ya moto, gari iko sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, kabirika kanawaka nusu, kanazima, kanawaka tena. Nikikanyaga mafuta kidogo kanapotea. Fundi wa kwanza akasema swichi mbovu. Wa pili akasema chomoa balbu ulale usingizi. Wa tatu akanusa dipstiki kama anaonja mchuzi, akasema, "Dogo, oili yako maji. Weka 20W-50."

Nikaweka hiyo 20W-50, oili nzito. Kabirika kakatulia. Mtu mwingine angeishia hapo akaenda kunywa chai.

Mimi nasoma, wakuu. Ile swichi ya kiwandani haipimi kitu. Inajua mambo mawili tu, presha ipo au haipo, na yenyewe huamka presha ikiwa imebaki psi (kipimo cha presha) chache za kuhesabu kwa vidole. Kwenye injini ya turbo, ukisubiri kabirika kawake ukiwa kwenye mzunguko wa 5,000 kwa dakika, kanakuja kukupa pole ya msiba. Metali za konrodi, zile beringi zinazokaa kwenye krenki, zinaishi juu ya utando mwembamba wa oili. Utando ukikatika, metali inasagwa na krenki, na EJ ikishaanza kugonga anza kuulizia bei ya injini nyingine. Subaru wenyewe wanataka psi 14 hivi ikiwa sailensa na oili imefika nyuzi joto 80, halafu psi 43 hivi kwenye mzunguko wa 5,000. Vijana wa mbio wana kanuni yao rahisi zaidi: psi 10 kwa kila mzunguko 1,000. Utajuaje uko wapi bila geji?

Nikanunua geji. Sasa hapa ndipo wajuaji mnaponitukana, kwa hiyo nieleze vizuri. Kuna geji ya umeme, ambayo sensa inabaki kwenye bloku ya injini na ndani ya gari unaingia waya tu. Na kuna ya mrija, ambayo oili yenyewe inasafiri kwenye kimrija cha nailoni, inapita kwenye ukuta unaotenga injini na ndani ya gari, inakuja hadi kwenye dashibodi kusukuma mshale. Ya mrija ni bei rahisi, haidanganyi, na haina waya wa kusumbua. Nilichukua ya mrija.

Kuifunga tu ilikuwa hadithi. Geji inafungwa pale ilipo swichi ya kabirika, na swichi ya EJ imejificha chini ya alteneta, mdomo wake una nyuzi za skrubu za Kiingereza, BSPT, 28 kwa inchi. Tii, kile kiungio cha njia tatu kilichokuja na geji, ni ya Kimarekani, NPT, nyuzi 27 kwa inchi. Kwa macho ni pacha. Ukiikaza inaingia vizuri kabisa mizunguko ya mwanzo, halafu inagoma, halafu inavuja milele. Fundi wangu akataka kuizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, nikamshika mkono. Vipande vya tepu ile vikiingia kwenye njia za oili, vinaweza kwenda kuziba kale katundu kanakolisha turbo. Nikazunguka Mwanjelwa mpaka nikapata adapta sahihi. Upande wa injini ukawa mkavu kabisa, haudondoshi hata tone. Naomba mkumbuke hilo mnapocheka.

Upande wa ndani, kule nyuma ya geji, kuna kinati kidogo na kijipete cha shaba kinachobana nailoni. Ni sehemu ya kufikia kwa vidole viwili ukiwa umelala chali chini ya dashibodi, miguu nje mlangoni, watoto wa jirani wanakuuliza umekufa. Fundi alikikaza. Alisema alikikaza.

Basi siku ikafika ya kupeleka barua ya posa Tukuyu. Mshenga wetu ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake. Tulimchukua Uyole alfajiri, baridi ya Julai ile inayofanya watu waongee na moshi, na mzee alikuwa amevaa Kaunda suti rangi ya maziwa, imenyooshwa mpaka unaogopa kumsalimia. Bahasha ya barua, na kishika uchumba ndani yake, iko mfuko wa kifuani. Mimi na heshima zangu nikamweka siti ya mbele. Chogo nyuma na simu yake.

Tukaanza kupanda. Mzee akasema, "Mwanangu, hapa hakuna moto?" Nikafungua hita yote. Kumbukeni na hiyo hita.

Mshale ulikuwa unapendeza. Ile 20W-50 kabla haijapata joto ilikuwa inasoma 80, 85, na mimi nausindikiza kwa jicho kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Mzee akauona.

"Hicho kisaa mbona hakiendani na wakati?"

"Sio saa, baba. Ni presha."

Hapo nikaona amekaa vizuri. Mzee mwenyewe ana presha, anameza vidonge.

"Ehee. Ngapi?"

"Sasa hivi sitini, baba, imeshapata joto."

"Sitini kwa ngapi?"

"Baba, hii ni ya gari."

"Najua ni ya gari. Presha ni mbili, ya juu na ya chini. Ya chini ngapi?"

Nikafikiria. Swali si la kijinga. Nikamwambia ikiwa sailensa inashuka mpaka ishirini hivi. Mzee akanyamaza kidogo, akaangalia ukungu nje, akasema, "Sitini kwa ishirini. Lingekuwa mtu, saa hizi tungekuwa tunaimba."

Chogo akacheka mpaka akaanza kurekodi. Ndiyo maana klipu ipo, jamani. Alianza kurekodi kwa sababu ya utani wa presha, hakujua Mungu anamwandalia nini.

Karibu na Isongole ukungu ukashuka kabisa. Mbele yetu lori la mbolea linapanda kwa magoti, moshi mweusi, na nyuma yake foleni. Ukafunguka mnyoosho mfupi, nikaona taa za mbele hakuna. Giya ya pili. Nikakanyaga. Turbo ikaitika. Mshale ukapanda 65, 70, na mimi, kwa aibu kubwa nasema hili, nikamwambia mzee, "Unaona, baba? Unaona presha ilivyo na afya?"

*Tak.*

Kisauti kidogo tu, cha mtu anayevunja kijiti cha kibiriti. Mshale ukaanguka sifuri. Na kutoka pembeni ya geji ukatoka mstari mwembamba wa dhahabu, umenyooka, mzuri kusema kweli, ukaenda ukagonga kioo cha mbele upande wa mzee. Kwa sekunde moja hakuna aliyeelewa. Mimi nilichoona ni kioo kimechafuka, na mkono wangu ukafanya ulichozoea kufanya kioo kikichafuka.

Nikawasha waipa.

Waipa zikafuta nje. Oili iko ndani. Nikaona hazifuti, nikaziongeza spidi. Mpaka leo Chogo anarudia kipande hicho polepole, unaona kabisa kidole changu kikiziongeza spidi.

Halafu nailoni, kwa kuwa ilikuwa imeachiliwa na kijipete chake, ikaanza kucheza. Ikatikisika kushoto, mstari ukahama kutoka kwenye kioo, ukashuka kwenye dashibodi, ukafika kwenye tai. Ukapanda kidevuni. Ukarudi kifuani, ukatulia hapo, juu ya mfuko wa bahasha, kana kwamba ulikuwa umeelekezwa. Mzee hakupiga kelele. Alinyanyua mikono yote miwili polepole, viganja mbele, mtu anayesalimu amri, ndiyo ile picha mnayosema anapokea upako. Hakuwa anapokea chochote! Alikuwa anajikinga! Ashukuriwe Mungu oili ya kwenye mrija huwa haizunguki, inakaa pale imepoa, kwa hiyo iliyotangulia ilikuwa vuguvugu tu.

Na mimi bado niko ubavuni mwa lori. Kuzima injini pale siwezi, usukani na breki vitakuwa vizito katikati ya kupita. Mshale unasema sifuri. Kabirika hakajawaka. Nani nimwamini? Kichwani napiga hesabu za metali na krenki, masikioni nasikia "pss-pss-pss", na mzee, kwa sauti ileile aliyokuwa akiombea chakula, ananiambia:

"Mwanangu, simama. Gari lako linanitemea."

Nikamaliza lori, nikatoka barabarani, nikazima. Injini haikugonga hata kidogo, na kabirika hakakuwaka hata sekunde moja. Mnaelewa maana yake? Kale katundu ka mrija ni kadogo, pampu ilikuwa inakamudu, presha kwenye bloku ilikuwepo muda wote. Nilijaribu kumweleza mzee habari hii njema. Hakuipokea.

Akina mama wa viazi na karoti wakaja mbio wakidhani ajali. Wakamtoa mzee, wakamzunguka, "Mwee, mwee," na mama mmoja wa maandazi akasema unga unakausha mafuta, akaleta sado ya unga wa ngano, akammwagia kifuani kabla sijafungua mdomo. Ni kweli unga unanyonya mafuta. Lakini si oili ya injini nusu lita, na si huku mama mwingine anasaidia kwa kitambaa chenye maji. Mzee akaanza kukandika. Chogo alipojaribu kumpangusa, tonge zikatoka. Tulikuwa robo saa tu mbali na chapati.

Mengine hayana mengi. Nikakikunja kimrija mara mbili nikakifunga waya, nikaongeza lita niliyokuwa nayo kwenye buti, nikapima dipstiki, tukaenda. Mzee aliingia ukweni na koti langu la mvua. Mimi nilibaki nje garini, muoaji haingii siku ya barua, ila Chogo aliingia na ndiye aliyeniambia: karatasi ikishalowa oili inaonyesha ndani. Baba wa binti aliinua bahasha dirishani kuishangaa, akaisoma bila kuifungua, kwa sauti, pamoja na kiasi cha kishika uchumba, kabla mshenga hajatamka hata salamu ya kwanza. Mzee alikuwa na mikakati yake ya kupatana. Iliishia hapo. Tumeambiwa tutajibiwa.

Kwa wanaouliza kuhusu gari, na mko watatu tu, wengine wote mnauliza kuhusu mzee: tumelipeleka kwa fundi anayejua EJ, akafungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Aliyewahi kuifunga kabla yangu alipaka silikoni kama siagi, na mikia yake ilikuwa imejaa kwenye chujio la mrija wa kunyonyea oili. Pampu ilikuwa inanyonya kwa shida. Oili ikichemka ikawa nyepesi, sailensa ikashuka, presha haitoshi, kabirika kanawaka. Zile 20W-50 zilikuwa zinanyanyua mshale tu, ugonjwa uko palepale chini, na baridi yetu hii inazifanya zichelewe kufika juu asubuhi. Mrija wenyewe tumekagua kama una ufa, maana EJ za turbo zinajulikana kwa hilo, wangu mzima. Sasa nina chujio jipya, oili ya 5W-40, na inasoma 17 ikiwa sailensa ya moto. Tumeipima kwa geji gani? Ileile ya mrija. Tena haikupotoka hata psi moja. Kilichoachia ni kijipete, na kiliachia kwa sababu hita ilikuwa inapuliza nailoni toka Uyole ikalainika. Sasa hivi nimefunga ya umeme, lakini kwa shinikizo la familia.

Dobi wa kwanza ameirudisha ile Kaunda suti bila kuifungua mfuko. Wa pili ameniuliza kama ni ushahidi wa polisi. Mzee kasema haendi Tukuyu kuchukua jibu mpaka apate nyingine, rangi ileile, na kwamba safari hiyo anapanda kosta. Kwa hiyo mwenye fundi cherehani mzuri wa Kaunda suti Mwanjelwa au Kabwe anicheki haraka, kifua cha mzee ni kipana, na kitambaa nanunua mimi.