Kufuli kwenye Kabati, Mfereji Mkavu

Sista alibonyeza chupa ya sabuni mara tatu, ikatoa povu jepesi kama maji ya kuoshea vikombe. Akafungua mfereji: kimya. Akageukia dumu la lita 20 lililowekwa kwenye stuli, akanawa harakaharaka, akarudi kwa shangazi yangu. Ilikuwa wodi moja huku Eastlands, na wiki ile mgao wa maji ulikuwa umeipita mitaa kadhaa ya Nairobi. Wodi hiyohiyo ina kanuni kali: meropenemu, kiuavijasumu kikali, haitoki kwenye kabati lenye kufuli bila fomu kusainiwa na daktari mkubwa.

Wanaotetea kufuli hilo, yaani kubana matumizi ya dawa kali, wana hoja nzito. Kila dozi ya dawa kali huua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu, wasiouawa na dawa hiyo. Shirika la Afya Duniani limeiweka meropenemu katika kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalizi, kwa kuwa ikishindwa kumtibu mgonjwa mwenye bakteria sugu aitwaye Klebsiella, daktari huenda akabaki na kolistini, dawa ya zamani inayoweza kuumiza figo.

Daktari wa zamu usiku ana hesabu nyingine. Ameletewa mtoto wa siku tatu, moto kama jiko, hanyonyi. Kuotesha damu maabara ili kujua ni kimelea gani na dawa gani inakiua huchukua siku mbili hadi tatu, na mtoto huyo huenda asifike kesho. Akianza na dawa ndogo na mtoto afe, mama yake atamwuliza. Usugu hauna mama wa kumwuliza mtu. Naielewa hofu yake, ingawa naunga mkono kufuli. Lisilonikaa ni kufuli bila maabara, maana hapo anayesaini fomu anabahatisha sawasawa na aliyeiandika. (Nimeambiwa kuna mahali fomu husainiwa asubuhi, bunda zima, kabla hata wagonjwa hawajaonwa.) Tena ng'ambo ya barabara kuna kemisti anayeuza viuavijasumu kwa vidonge viwili viwili bila cheti, sheria ipo hapo inamtazama.

Lakini kuna jambo ambalo kufuli haliligusi kabisa. Mgonjwa ambaye hajawahi kuonja meropenemu anaweza kutoka hospitalini na bakteria sugu kwa sababu tu mkono uliotoka kubadilisha mpira wa mkojo wa jirani ulimshika yeye. Makadirio yaliyochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2024 yalisema kwamba kuzuia maambukizi vizuri ndani ya vituo vya afya vya nchi za kipato cha chini na cha kati kungeokoa hadi watu 337,000 kwa mwaka. Septemba mwaka huohuo, kule Umoja wa Mataifa, nchi ziliahidi yote mawili: matumizi ya busara ya dawa, na maji na usafi wa msingi katika kila kituo cha afya. Fomu ilifika wodini mapema. Maji bado.

Hata hivyo, wanaosema "tupeni maji kwanza" wasijifiche nyuma ya mfereji. Sanitaiza ya pombe haihitaji maji, na Shirika la Afya Duniani lina fomula ambayo famasia ya hospitali inaweza kuichanganya yenyewe. Wakati wa korona hata makanga wa matatu alikuwa nayo.

Ila pia tupige hesabu. Kunawa kwa sabuni ipasavyo ni sekunde 40 hadi 60. Sanitaiza ni 20 hadi 30. Muuguzi mwenye watoto 30, akisafisha mikono kabla na baada ya kumshika kila mmoja, atafanya hivyo mara 60 kwa mzunguko mmoja. Kwa sabuni, saa nzima inaweza kuishia kwenye sinki. Kwa sanitaiza iliyoning'inizwa kitandani, nusu saa au pungufu. Kumwita muuguzi huyo mzembe ni kukwepa swali la wauguzi wangapi wameajiriwa.

Kama pesa za wodi ile zingekuwa mikononi mwangu, ningeanza na sanitaiza kila kitanda, kisha vifaa vya kuoteshea damu, ndipo nirudi kukaza ile fomu.

Nilipokuwa natoka nilimwuliza sista nani hulijaza lile dumu. Akacheka. "Ni nyinyi jamaa za wagonjwa. Kuna mfereji pale kwa askari wa geti."