Kila mzee wa kantri akitoa albamu mpya vita ni vile vile

Jumapili moja tulikuwa mahali pa nyama choma huku Nakuru, meza ya watu sita, na mwenye pahali akaniachia spika niunganishe simu yangu, sasa mimi nikaona leo niwasikizishe kitu kipya badala ya zile nyimbo kumi za Kenny Rogers tunazorudia kila wiki kama rozari. Nikaweka Willie Nelson, Last Leaf on the Tree, ilitoka Novemba 2024, mzee akiwa na miaka 91. Wimbo wa kwanza haujafika katikati jamaa mmoja akaweka mfupa chini akauliza, "Huyu anaimba ama anaongea na nesi?"

Meza yote ikacheka, na mimi nilicheka, wacha nisidanganye. Lakini hapo ndo ubishi ulianza na tulibishana mpaka ugali ukapoa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiufikiria huo ubishi kwa sababu kila mzee wa kantri akitoa kitu kipya ni ule ule tu. Kuna wale wa "heri angestaafu na heshima yake" na kuna wale wa "mwacheni mzee aimbe mpaka pumzi iishe". Mimi nilikuwa nadhani niko kambi ya pili kabisa kabisa. Sasa sina uhakika hivo.

Kwanza niwape haki yao hawa wa kustaafu, mgala muue na haki yake umpe. Sauti ni mwili. Mapafu yakichoka yamechoka, noti ndefu haishikiki, na maneno yanaanza kumezwa mwishoni. Na studio zina njia zao za kufunika hiyo kitu, wanaita wageni wengi, wanajaza vyombo, wanapanga kolabo juu ya kolabo mpaka mwenye albamu anakuwa mgeni kwake. Chukua Rockstar ya Dolly Parton. Mwaka 2022 aliteuliwa kuingia Rock and Roll Hall of Fame, ile orodha ya heshima ya wanamuziki wa rock, akajitoa kwanza akisema hajastahili, baadaye akakubali, ndo akasema basi wacha nitoe albamu ya rock kikweli. Ikatoka Novemba 2023, nyimbo 30, zaidi ya masaa mawili, Paul McCartney na Ringo Starr wako ndani kwa Let It Be, yaani ukisoma orodha ya wageni unafikiri ni harambee. Na iliuza, iliingia namba 3 kwa Billboard 200, ile chati ya albamu ya Marekani, juu kuliko albamu yoyote aliyowahi kutoa maisha yake yote.

Mashabiki wake walisema wakati huo mama ana miaka 77, ametupa Jolene na Coat of Many Colors, ana deni gani na mtu? Afanye anachotaka. Hapo sina ubishi. Lakini nilisikiza hiyo albamu kwa awamu tatu, na kuna nyimbo nilikuwa namtafuta Dolly simuoni, kama harusi ambayo umekaa nyuma na bibi harusi amezingirwa na wapiga picha mpaka mnaenda kula hujaona hata shela. Na sauti yake haikuwa mbaya! Hiyo ndo inaniuma. Wangemwachia nyimbo kumi na gitaa mbili hivi tungekuwa tunaongea mengine.

Sasa upande wa pili wana silaha moja kubwa na wanaitoa kila saa mpaka imekuwa kama kadi ya mwisho: Johnny Cash. Na ukweli usemwe ni silaha kali. Columbia walimwacha mwaka 1986, lebo aliyokaa nayo karibu miaka 30, watu wakadhani ameisha. Halafu akaja Rick Rubin, prodyuza wa rap na metali, akamkalisha na gitaa lake peke yake, nyimbo zingine wakazirekodi sebuleni kwa Rubin tu, ikatoka American Recordings ya 1994. Lakini inayotajwa zaidi ni Hurt, ya 2002, wimbo ulioandikwa na Trent Reznor, mwanamuziki wa rock, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Kijana akiuimba unasikia mtu amekasirikia maisha. Cash akiuimba na miaka 70, mgonjwa, unasikia mtu anahesabu. Sikiza pale mwishoni piano inagongwa noti moja hiyo hiyo, inazidi kupanda, na sauti ya mzee inataka kupasuka na hakuna aliyeirekebisha. Ingerekebishwa wimbo ungekufa.

Loretta Lynn naye, Van Lear Rose ya 2004, miaka 72, prodyuza ni Jack White ambaye ni mtu wa rock wa Detroit, gitaa linanguruma mpaka mtu aliyezoea Loretta wa zamani lazima ashtuke. Redio za kantri Marekani hazikuigusa sana. Grammy wakampa mbili. Kwa hivo mashabiki na redio na watoa tuzo kila mtu alikuwa na masikio yake.

Na kuhusu Willie, huyu jamaa wa "anaongea na nesi" nilimwambia kitu ambacho bado nasimamia. Willie ameimba hivo tangu zamani! Anachelewa nyuma ya biti makusudi, anatangulia, anarudi, kama mtu anakupigia hadithi. Nashville, mji wenyewe wa muziki wa kantri, miaka ya sitini walimuona ni mwandishi mzuri tu, aliandika Crazy ambayo Patsy Cline aliimba 1961, lakini yeye mwenyewe kuimba waliona haeleweki. Kwa hivo ukisema leo uzee umemfanya aongee badala ya kuimba, unarudia lawama ya miaka 60 iliyopita. Kilichobadilika ni pumzi, sentensi zimekuwa fupi, na kijana wake Micah ambaye ndo aliprodyuzi hiyo albamu amemuachia nafasi kubwa katikati ya vyombo. Kuna mahali unasikia mzee anavuta hewa kabla ya mstari. Wengine wanaona ni aibu hiyo, mimi nasikia ni sehemu ya wimbo.

George Strait sitakaa naye sana, Cowboys and Dreamers ya 2024 ni George Strait yule yule, lawama yake ni kinyume, ati habadiliki. Sijui watu wanataka nini.

Alan Jackson nitakaa naye kidogo. Where Have You Gone, 2021, nyimbo 21, na wengi walisema ni ndefu, na ni ndefu. Wimbo wenye jina la albamu analia kwamba kantri ya kweli imeenda wapi, fidla imeenda wapi, gitaa la chuma limeenda wapi, na nimeshasikia hiyo nyimbo ya malalamiko kwa wazee wengi sana hainisisimui tena. Lakini ndani kuna nyimbo mbili alizoandika kwa ajili ya harusi za binti zake, na moja aliyoandika kwa mazishi ya mama yake, na mwanzo wa hiyo ameweka sauti ya mama mwenyewe akisoma Biblia. Hebu niambie kijana gani wa miaka 25 atarekodi hiyo? Hawezi, hajazika mama, hajaozesha binti. Hapo ndo naona mzee ana kazi ambayo hakuna mwingine anaweza kumfanyia.

Mpaka hapa unaona nimeegemea upande wa "mwacheni mzee aimbe". Sasa hiki ndo kilichonitoa hapo.

Don Williams. Hapa kwetu huyu si msanii wa Marekani, ni mtu wa familia. Kwa Sundowner, kile kipindi cha redio ya KBC, kwa matatu za barabara kuu usiku, kwa harusi, kwa baa ya kijijini ambayo haina hata choo lakini ina You're My Best Friend. Alifika hadi Harare akaimba na shoo ikatolewa kwa video, Into Africa. Sasa Don alifanya ziara ya kuaga 2006, akatulia, akarudi, akatoa And So It Goes 2012 ndani yake wako Alison Krauss, Vince Gill na Keith Urban, akatoa Reflections 2014, akafariki Septemba 2017. Na sauti yake? Ile ile! Kwa sababu hakuwahi kupiga kelele maisha yake, aliimba kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto, sauti ya hivo haichakai haraka. Sasa niulize meza yetu, watu sita wanaojiita mashabiki sugu wa Don Williams, nani amesikiza Reflections? Hakuna. Nani anajua ilitoka? Mmoja, na mwenyewe ni mimi.

Kwa hivo hii hoja ya "sauti imeisha" inaanguka hapo. Don sauti haikuisha na bado hatukumsikiza. Tuliacha kwa kaseti ya 1980. Na siku hizi hata ukifungua programu za muziki zinakuletea nyimbo zile kumi na tano, unabonyeza, inajua unapenda hizo, inakuletea tena, hata hujui mzee ametoa kitu.

Na kinyume chake ni Randy Travis, hii ndo kesi iliyogawanya watu kushinda zote. Julai 2013 alipata kiharusi, akaponea chupuchupu, lakini uwezo wa kuongea ukaenda, maneno yanatoka moja moja kwa shida, kuimba ndo usiseme. Halafu Mei 2024 ghafla wimbo mpya, Where That Came From, na sauti ni ya Randy wa Storms of Life, albamu yake ya 1986, nzito, imetulia, kama hakuna kilichotokea. Walichofanya, mwimbaji James Dupré aliuimba wimbo mwanzo mpaka mwisho, halafu kompyuta iliyofunzwa kwa rekodi 42 za zamani za Randy ikageuza ile sauti kuwa yake, na prodyuza wake wa siku zote Kyle Lehning akakaa akirekebisha silabi kwa silabi. Akili bandia, AI yenyewe. Na watu walilia. Watu wale wale ambao wangesema Willie astaafu walilia.

Wanaoikubali wanasema mwenyewe yuko hai, alihusishwa, akakubali, kuna ubaya gani kumrudishia mtu alichoibiwa na ugonjwa? Mguu wa bandia mbona hatuukatai? Hiyo hoja sijapata jibu lake. Wanaoikataa wanasema leo ni kwa idhini, kesho lebo itafanya kwa mtu aliyekufa ambaye hawezi kukataa, na Tennessee wenyewe, jimbo la Nashville, waliona hiyo hatari, Machi 2024 gavana alitia sahihi sheria wanaita ELVIS Act ya kulinda sauti ya mtu isiigwe na mashine bila ruhusa, ikaanza kazi Julai.

Mimi huwa nawakumbusha hawa wa pili kitu kimoja. Jim Reeves alikufa kwa ajali ya ndege Julai 1964, na lebo yake RCA waliendelea kutoa nyimbo zake miaka na miaka, wanaondoa vyombo vya nyuma wanaweka vingine. Mwaka 1981 wakatoa wimbo anaimba pamoja na Patsy Cline, Have You Ever Been Lonely, na hao wawili hawakuwahi kuurekodi pamoja, Patsy alikuwa amekufa tangu 1963. Wote marehemu, waliunganishwa studio, na ukawa hiti. Mamangu anaupenda huo wimbo mpaka leo. Hatukuandamana.

Lakini bado kuna kitu. Nikisikiza huo wa Randy nauona ni mzuri, kweli, halafu unaisha na sina haja ya kuurudia. Kisha naweka Adiós ya Glen Campbell, ya 2017, alirekodi akiwa tayari na ugonjwa wa kusahau, hakuweza kushika maneno, ikabidi rafiki yake Carl Jackson, aliyempigia banjo tangu 1972, awe anampa mstari mmoja, Glen anauimba, anampa mwingine. Kuna wanaosema huo ni unyonyaji, mgonjwa wa hivo anakubali nini? Nawaelewa. Lakini ile sauti inajua ni saa ngapi. Ya Randy imesimama 1986, saa imekwama, na nadhani ndo maana tuliipenda haraka hivo, ilitupa tulichokuwa tunaitisha siku zote.

Basi nikafanya uhuni kidogo. Nina anko wangu, dereva wa lori mstaafu, huyo kwa Don Williams hataki mchezo, anasema baada ya 1985 hakuna muziki. Nikamwekea Reflections kwa gari tukienda Naivasha, ule wimbo wa kwanza, I'll Be Here in the Morning. Akanyamaza. Akafungua dirisha kidogo. Tulipofika Gilgil akauliza, "Hii ni ya mwaka gani, mbona siijui?"

Nikamwambia ni ya 1978, ilikuwa upande wa B.

Akatikisa kichwa. "Ndo maana. Siku hizi hawawezi hii." Halafu akatoa flashi mfukoni akanipa nimwekee zote.