Tembo saba wa Morogoro Stores

Kwenye mabanda ya wachoraji pale Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam, niliwahi kuhesabu tembo saba kwenye turubai saba: mikonga yote imeelekea upande mmoja, mlima wenye theluji nyuma yao. Nikamuuliza muuzaji kila mmoja kachorwa na nani. "Zote hizo Tingatinga, bosi." Jina la mchoraji marehemu limeshakuwa jina la bidhaa.

Ajabu yake ni kwamba marehemu mwenyewe hakufanana na mchoraji mwingine. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 bila kukanyaga chuo chochote cha sanaa. Rangi za wasanii hakuwa nazo, akachukua rangi ya mafuta, ile ya kupaka baiskeli, akachora juu ya vipande vya ubao wa dari, karibu sentimita 60 kila upande. Rangi hiyo haikubali kuchezewa: inang'aa, na ukiikoroga mbichi kwa mbichi inakuharibikia. Basi akapaka uwanja wa rangi moja, akamweka mnyama mmoja katikati, madoadoa moja baada ya jingine, macho makodo yanayomtazama mtazamaji. Mwalimu wa kuchora angemuuliza kivuli kiko wapi, mbona huyu chui hana uzito. Nashukuru hakuwapo wa kumuuliza.

Hapa wale wanaohubiri kwamba tofauti ya mtu ndiyo mtaji wake wana hoja nzito. Ila huwa wanaukatisha mkasa njiani. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi Tingatinga wakidhani ni mhalifu anayekimbia, akafa. Alikuwa amechora miaka minne tu. Kilichobaki kilikuwa mikononi mwa wanafunzi wachache, baadhi yao ndugu zake, na hao walifanya kile tunachokibeza leo: waliiga. Wangeshika kila mmoja njia yake siku ile, mtindo ungezikwa naye. Badala yake ulikua, na mwaka 1990 wachoraji wakawa na chama chao cha ushirika.

Halafu kuna suala la tumbo. Mtalii anataka tembo, twiga na Kilimanjaro, picha iingie kwenye begi, bei isimuumize. Sisi wenye mshahara wa mwisho wa mwezi ni wepesi sana wa kumwambia mchoraji "kuwa wewe", wakati kodi ya nyumba halipi kwa upekee.

Hata hivyo siwezi kuwaachia waigaji ushindi wote. George Lilanga, Mmakonde aliyefariki mwaka 2005, alitumia rangi zilezile za mafuta lakini akaleta mashetani ya kwao: masikio mapana, midomo iliyoning'inia, miguu inayocheza. Picha zake zilivuka bahari kwa sababu hazikuwa tembo wa nane. Tena, kama kawaida, zilipoanza kuuzika zikapata waigaji wake nazo.

Kwa hiyo kuiga sikuoni kuwa dhambi. Fundi gani hakuanza kwa kufuata mkono wa mwingine? Kinachonikera ni oda. Kijana anajifunza tembo kwa miezi michache, anakuwa hodari, kisha uhodari huohuo unamfunga, maana kila wiki anaombwa tembo haohao. Tingatinga hakuwa na mtu wa kumwagiza afanane na fulani, na huenda hiyo ndiyo bahati pekee aliyowazidi warithi wake.

Siku ile, nyuma ya wale tembo saba, palikuwa na ubao mdogo umegeuziwa ukutani. Kijana wa banda akaugeuza kwa aibu kidogo: daladala la samaki, kondakta pweza, mikono minane yote inadai nauli. Nikauliza bei. Akacheka, akasema hajawahi kuulizwa.